Wajumbe Sita na Ratili ya Nyama: Mahakama Mbili za Kiswahili

Nilisoma Kusadikika nikiwa kidato cha pili na, niseme ukweli, nilikisoma ili nifaulu mtihani. Mwalimu alituchorea jedwali ubaoni: kushoto majina ya wahusika, kulia "anawakilisha nani". Mfalme ni mkoloni. Majivuno ni kibaraka. Karama ni mpigania uhuru. Wajumbe sita ni wananchi wanaoteseka. Tukanakili, tukakariri, tukafaulu. Najua wapo wengi humu walioandika jibu hilo hilo na kupata alama zao. Miaka mingi ilipita ndipo nikajiuliza swali ambalo jedwali lile halikuwa na safu yake: hivi huyu Karama kashtakiwa kwa kosa gani hasa?

Ukikirudia kitabu utaona. Hakuiba, hakuua, hakuwaambia watu washike mapanga. Kashtakiwa kwa sababu alitaka watu wa Kusadikika wafundishwe uanasheria. Basi. Waziri Majivuno anasimama mbele ya Mfalme na kulifanya jambo hilo liwe jinai ya kuangamiza nchi, na Karama anapewa siku sita za kujitetea. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Wote walitumwa nje, mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini, wakaiona dunia, wakarudi na mambo mema ya kuifaa nchi yao, wakatupwa gerezani. Utetezi wa Karama, ukiuvua mapambo, ni huu: watu hawa wasingefungwa kama kungekuwa na mtu wa kuwasemea, na kama wangejua sheria inasema nini.

Hivi karibuni nilikisoma tena, safari hii kikiwa kimelala pembeni ya Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthiliya ya Shakespeare, nakala niliyoiokota kwa muuza vitabu wa kando ya barabara ikiwa haina jalada la nyuma. Kimoja kilitoka 1951, kingine 1969. Katikati yao uhuru uliingia. Vyote viwili vina kesi ndani yake, na kesi zote mbili zinauliza jambo moja, kwamba sheria ikimtazama mtu inamwona nani. Kimoja kaandika karani wa serikali ya kikoloni, kingine kakitafsiri Rais wa nchi. Nikaona si vibaya nivisome kwa pamoja nione vinazungumza nini.

Nianze na karani.

Shaaban Robert alianza kazi serikalini 1926, idara ya forodha, na akaendelea kuwa mtumishi wa serikali karibu maisha yake yote. Kusadikika kilipotoka alikuwa bado karani. Hili wahakiki wengi wanalitaja kama sehemu ya wasifu, wanaruka, wanakwenda kwenye dhamira. Mimi nadhani ndipo penye kitabu. Karani anaijua sheria si kama mwanafalsafa anavyoijua, wala kama mfungwa. Anaijua kama karatasi. Anaiona inavyoingia mezani, inavyopigwa mhuri, na inavyomfika yeye mwenyewe mwisho wa mwezi kwenye mshahara. Mwaka 1948 tume ya mishahara ya watumishi wa serikali za Afrika Mashariki, ile iliyoongozwa na Holmes, ilipendekeza kwamba mtu asiye Mzungu akishika kazi ile ile ya Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Tatu ya tano! Hesabu ya darasa la nne. Kanuni hiyo iliachwa katikati ya miaka ya 1950, lakini wakati Kusadikika kinatoka ilikuwa hai. Mtu anayeandika riwaya kuhusu haki usiku, mchana alikuwa sehemu ya serikali iliyokwisha mpigia hesabu ya utu wake kwa sehemu.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Katika Tanganyika ya Waingereza, kesi nyingi za Mwafrika wa kawaida ziliishia kwenye mahakama za wenyeji, chini ya machifu, maliwali na maakida. Sheria ya mwaka 1929 ikaziondoa mahakama hizo chini ya Mahakama Kuu. Rufaa haikupanda kwa jaji. Ilipanda kwa wakuu wa utawala, bwana shauri na wakubwa zake, mpaka kwa Gavana. Na humo ndani, mawakili hawakuruhusiwa. Mzungu na Mhindi walikuwa na mahakama zenye mawakili, jaji na vitabu vya sheria. Mwafrika alikuwa na baraza, na ukarimu wa mkubwa.

Sasa rudi kwa Karama. Anashtakiwa kwa kutaka uanasheria, katika nchi ambayo watu wake wamezuiwa kuwa na wa kuwasemea. Hiyo si istiari ya mbali ya "ukoloni kwa jumla". Ni kifungu cha sheria chenye tarehe, kilichogeuzwa hadithi. Jedwali la mwalimu wangu lilikosea kwa kuwa pana mno. Lilimfanya Karama mpigania uhuru wa kila kitu, na kwa hiyo wa chochote, hali yeye alikuwa anadai kitu kimoja tu kinachoweza kushikika.

Zamani niliudharau mwisho wa Kusadikika. Karama anasema kwa siku sita, Mfalme anaguswa, Karama anaachiwa huru, wajumbe wanafunguliwa. Nikasema: hii nayo riwaya? Mahakama ambayo mshtakiwa anashinda kwa sababu mfalme kalainika moyo si mahakama, ni baraza la huruma. Hakuna sheria iliyobadilika. Mfalme kesho akiamka vibaya, wote wanarudi ndani. Bado nauona udhaifu huo, na wahusika wenyewe ni bapa kweli, maana mtu aliyepewa jina Majivuno hana nafasi ya kutushangaza. Ila sasa nausoma mwisho ule kwa jicho jingine. Shaaban aliandika rufaa iliyokuwepo. Kwa Mwafrika wa 1951 ngazi ya juu ya haki ilikuwa kweli kweli mtu mkubwa mmoja aliyekaa kitini, naye ama akuelewe au asikuelewe. Karani hakuzua. Tunamlaumu kwa kutoleta mahakama ya rufaa kwenye nchi ambayo haikuwa nayo.

Halafu kuna kisichokuwemo. Kusadikika hakina rangi. Hakuna mweupe, hakuna mweusi, hakuna Mhindi mwenye duka. Wote ni Wasadikika, na nchi yenyewe iko angani, ambako hata udongo wa kumpa mtu rangi haupo. Jibu la haraka ni hofu: karani angethubutu vipi? Ni jibu zuri, lakini halitoshi. Linganisha na Sol Plaatje wa Afrika Kusini. Naye alikuwa mtumishi, mkalimani wa mahakama kule Mafeking, na naye aliipenda lugha yake kiasi cha kumtafsiri Shakespeare kwa Kitswana. Serikali ilipopitisha Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya 1913, iliyowafungia Waafrika kwenye sehemu ndogo ya nchi yao, Plaatje aliandika kitabu kizima kuhusu sheria hiyo, kikatoka London 1916. Akaitaja kwa jina, kwa mwaka, kwa watu aliowakuta barabarani na mifugo yao hawana pa kulaza vichwa. Plaatje aliweza kuitaja kwa sababu sheria yenyewe ilimtaja. Ilisema "mwenyeji", ikasema wapi asikanyage.

Sheria za Tanganyika mara nyingi hazikuwa na adabu hiyo ya kusema wazi. Nchi ilikuwa chini ya udhamini, kwanza wa Shirikisho la Mataifa, baadaye Umoja wa Mataifa, na macho ya watu yalikuwepo. Angalia Dar es Salaam. Mji uligawanywa kanda tatu. Kanda ya kwanza, nyumba za namna ya Kizungu zenye viwanja vikubwa. Ya pili, majengo ya biashara na makazi. Ya tatu, nyumba za udongo na miti, makuti au bati. Kanuni zilizungumzia viwango vya ujenzi. Rangi ya ngozi ya mwenye nyumba haikutajwa. Lakini mtu wa tatu ya tano angeupata wapi ukuta wa kanda ya kwanza? Matokeo yake tunayajua wote, mpaka leo tunayaita Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Na kati ya Uhindini na Kariakoo likaachwa eneo wazi lisilojengwa, kutenga watu na watu kwa kisingizio cha afya. Hapo ndipo Mnazi Mmoja. Kanuni za kanda zimekufa, maneno hayajafa. Leo mtu akikwambia "acha mambo ya Uswahilini", anakutukana kwa kutumia ramani ya Mwingereza, na yeye mwenyewe pengine kazaliwa Ilala.

Kwa hiyo nathubutu kusema kwamba riwaya isiyotaja rangi iliandikwa chini ya sheria ambazo nazo, sehemu kubwa, hazikuitaja. Ukimya wa Shaaban unaufuata ukimya wa serikali kama kivuli. Hapo sijui kama ni ushindi au ni kushindwa kwa mwandishi. Ushindi kwa sababu alikataa kuwapa mahali kwenye hadithi yake. Kwake mtu ni mtu, wakubwa wa rangi wasitawale hata sentensi zake. Kushindwa kwa sababu msomaji anaweza kumaliza kurasa zote akidhani tatizo la Kusadikika ni waziri mmoja mwenye kiburi. Waziri mwenye kiburi unamfukuza kazi. Kanda ya tatu unaifukuzaje?

Historia, hata hivyo, ina utani wake. Mwaka 1958 Waingereza walileta uchaguzi wa kura tatu. Mpiga kura, ambaye kwanza alitakiwa awe na kipato fulani, au elimu, au cheo, alilazimika kuchagua watu watatu kwa pamoja: Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja, Mzungu mmoja. Safari hii rangi ilitajwa, tena kwa herufi kubwa. Ilikuwa sheria ya kuwapa wachache nafasi sawa na walio wengi, na ndani ya TANU wengi walitaka chama kisusie. Mkutano wa Tabora, Januari 1958, ukaamua kushiriki. Na kwa kuwa kila mpiga kura wa TANU alilazimika kupigia pia Mhindi na Mzungu, TANU ikabidi itafute Wahindi na Wazungu wa kwake. Ikawapata. Amir Jamal, Derek Bryceson, Sophia Mustafa aliyekuja kuandika kitabu juu ya siasa za miaka hiyo. Sheria iliyotungwa ili mbari zikae kila moja kwenye boksi lake ndiyo iliyowalazimisha watu kuvuka kutoka boksi moja kwenda jingine kuomba kura. Hakuna mtunga sheria aliyekusudia hivyo. Kama Shaaban angeliandika hilo kwenye riwaya, tungesema sadfa imezidi.

Kisha ukaja Oktoba 1961. Mwezi huo nauchukulia kama sura ya saba ya Kusadikika ambayo haikuandikwa. Bungeni ulijadiliwa muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika. Nyerere, Waziri Mkuu wakati huo, akasimama akapinga kwa ukali kabisa, akasema serikali yake itajiuzulu kuliko kuweka uraia juu ya rangi. Muswada ukapita bila rangi. Aliyezaliwa Tanganyika na mzazi wake mmoja akawa kazaliwa humo, siku ya uhuru aliamka raia. Wengine walipaswa kuomba kuandikishwa. Mwezi huo huo, tarehe 25, Chuo Kikuu kikafunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja, lile eneo wazi la kutenga watu. Wanafunzi hawakufika ishirini. Na kitivo cha kwanza kabisa, kabla ya udaktari, kabla ya uhandisi, kabla ya kilimo, kilikuwa kitivo cha sheria.

Uanasheria. Miaka kumi baada ya Karama kupandishwa kizimbani kwa ajili yake. Shaaban Robert alikuwa hai. Alifariki Juni 1962.

Sasa Venisi.

Kisa mnakijua. Antonio, mfanyabiashara Mkristo, anataka fedha kwa ajili ya rafiki yake. Anamwendea Shylock, Myahudi, ambaye amezoea kumtemea mate na kumwita mbwa. Shylock anakopesha bila riba, ila kwa sharti: deni lisipolipwa kwa wakati, atakata ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Meli zinapotea, deni linaiva, Shylock anakwenda mahakamani na kisu. Portia, mwanamke aliyejivika uanaume na uanasheria, anaingia na kumpa haki yake yote, kisha anaigeuza: nyama chukua, damu usimwage hata tone.

Tulipoicheza shuleni watu walipiga vigelegele hapo. Mimi nawaomba wasomaji wasimame hatua mbili kabla, na hatua moja baada.

Kabla, Antonio mwenyewe anakiri kwamba mtawala wa Venisi hawezi kumnyima Shylock haki, kwa sababu biashara ya mji inategemea wageni kuiamini sheria. Hapo sheria inamwona Shylock kama saini kwenye mkataba. Sawa na mwenzake. Hatua nyingine, Shylock anawaambia Wavenisi jambo ambalo msomaji wa pwani yetu hawezi kulisoma bila kusitasita: ninyi mna watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda, na nikiwaambia muwaache huru na muwaoze binti zenu mtasema ni mali yenu. Basi na nyama hii nimeinunua. Kwa mantiki, hakuna aliyemjibu. Portia hamjibu, Mtawala hamjibu. Kumbuka kwamba hapa kwetu hali ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar 1897 na Tanganyika 1922. Shaaban alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Walipokuwa wakiisoma tafsiri hii 1969, walikuwepo wazee waliozaliwa wakiwa mali ya watu.

Hatua baada ya damu ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa tamthiliya, na watu huwa wamekwisha kuanza kuvaa viatu. Portia anafunua sheria nyingine. Mgeni akitafuta uhai wa raia, nusu ya mali yake ni ya raia huyo, nusu ya serikali, na uhai wake uko mikononi mwa Mtawala. Mgeni, raia. Shylock kaishi Venisi, kafanya biashara Venisi, kamzaa binti Venisi. Asubuhi ile alikuwa sawa na Antonio mbele ya mkataba. Jioni ni mgeni. Kitabu kile kile cha sheria kilikuwa na ukurasa mwingine, umekaa kimya miaka yote ukimsubiri. Wanamwachia uhai, wanamlazimisha abadili dini, anaomba ruhusa aondoke kwa kuwa hajisikii vizuri. Halafu kinafuata kitendo kizima cha mapenzi na mbalamwezi, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na rangi? Imo pia, pembeni, kwa namna inayouma zaidi kwa sababu inapita kama mzaha. Mwana wa mfalme wa Morocco anakuja kumposa Portia, anaanza kwa kuiombea radhi rangi yake. Akishindwa na kuondoka, Portia anatamani wote wa rangi hiyo wachague vivyo hivyo. Huyu ndiye mwanasheria wetu! Anayekwenda kuhubiri huruma mahakamani.

Mtu aliyekaa akahamisha hayo yote kwenda Kiswahili, mstari kwa mstari, katika shairi lisilo na vina, ndiye aliyekataa mwaka 1961 kuandika sheria ya uraia yenye ukurasa wa pili. Sisemi alitafsiri kwa sababu hiyo. Alikuwa mwalimu, aliipenda lugha, na alikwisha kutafsiri Julius Caesar mwaka 1963. Tafsiri yenyewe ni ya mtu anayejua. Kuna mahali inakuwa nzito, Kiswahili kimefungwa tai ya Kiingereza mpaka shingo inavimba, lakini kwenye kesi inatembea. Ninachokishika mimi ni jina la kitabu.

Shakespeare aliweka mfanyabiashara mmoja, na huyo ni Antonio. Nyerere kaweka mabepari, wengi. Kwa neno hilo moja mizani imehama. Antonio na Shylock wamekaa kapu moja. Ugomvi si tena wa Mkristo na Myahudi, raia na mgeni, bali wa matajiri wawili wanaogombea nyama. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, unaelewa kwa nini. Kwa msomaji wa Ujamaa ni usomaji halali, tena mkali. Unamvua Antonio utakatifu ambao waigizaji wengi wanampa bure.

Ila neno bepari lina asili yake. Limetoka Bara Hindi. Kwa Kigujarati mfanyabiashara ni jina la karibu sana na hilo, na kamusi zetu za zamani zinalitafsiri bepari kama mchuuzi, mfanyabiashara, bila ubaya wowote. Lilikuja na majahazi, pamoja na watu walioitwa kwalo. Likakaa pwani, likaanza kama kazi, likawa kabila, na kufikia miaka ya 1960 likawa adui. Kwa hiyo jina linalodai kuitoa rangi kwenye kesi na kuweka tabaka mahali pake, limebeba rangi ndani ya mfuko wa koti. Mtafsiri hakuwa na njia nyingine. Lugha ilikuwa imekwisha kumtangulia.

Mwaka 1971, mwezi Aprili, ikaja sheria ya kutaifisha majumba. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambalo mwenyewe haliishi peke yake, likawa la serikali. Lililozidi miaka kumi halikulipwa fidia. Soma tena: thamani, umri wa jengo, nani analala ndani. Viwango vya ujenzi. Rangi haikutajwa, kama ambavyo haikutajwa kwenye kanda tatu. Waafrika wenye majumba ya namna hiyo waliokuwepo nao yaliwakumba. Lakini kila mtu alijua sehemu kubwa ya majengo hayo yalikuwa mtaa gani na majina gani yalikuwa juu ya milango, na wengi wa wenye majina hayo, raia kwa sheria ya 1961, walipanga masanduku wakaenda Uingereza na Kanada.

Sipendi hoja ya kusema "basi ni yale yale". Si yale yale. Kanda tatu zililinda waliokuwa nacho. Sheria ya 1971 iliwapiga waliokuwa nacho, na walikuwa nacho kwa sehemu kwa sababu kanda tatu ziliwaruhusu. Mji ulikuwa umejengwa kwa dhuluma, na anayetaka kuinyoosha hawezi kujifanya haoni imejengwaje. Lakini Karama angeuliza swali lake la siku zote: katika siku zile, nani aliwasemea? Na Shylock angeuliza la kwake: mimi leo ni raia, au ni mgeni?

Ninavyoandika hivi si mtu wa pembeni. Nimelelewa Tanga, kwenye nyumba ya Msajili. Ndivyo tulivyoziita, nyumba za Msajili, kwa sababu kodi ililipwa kwa Msajili wa Majumba mpaka ofisi hiyo ilipounganishwa na Shirika la Nyumba 1990. Baba alipangishwa ghorofa ya juu kwa kuwa alikuwa mtumishi wa serikali mwenye watoto wengi. Bibi yangu alizaliwa kwenye nyumba ya makuti, na alipopanda ngazi zile mara ya kwanza alikaa katikati akapumzika, akasema, kumbe huku juu kuna upepo. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa sheria, ndiyo ulikuwa uhuru. Siwezi kumwambia alikosea, na sitaki.

Chini, juu ya mlango mkubwa wa barabarani, palichongwa jina kwa herufi za Kigujarati, na chini yake mwaka, 1938. Sisi watoto tulidhani ni mapambo. Hakuna aliyetuambia ni jina la mtu. Kila ikikaribia Idi wapangaji tulichanga fedha ya chokaa, na fundi alipaka ukuta wote, jina na yote. Nilipita pale mwaka juzi na nakala zangu mbili begani, nikaomba ngazi kwa kinyozi wa chini, nikapanda. Mwaka bado unasomeka. Jina limejaa chokaa, nikawa nalipapasa kwa kidole, na kinyozi kutoka chini ananiuliza, "Kaka, unatafuta nini huko?"